SOMO LA WIKI: Mshono mnene hula faida ya karakana

Anayetaka kuweka fedha katika karakana ya mageti na matangi huuliza kwanza bei ya vyuma. Aulize pia unene wa mshono.

Tuchukue mfano. Mchoro unataka mshono wa kona wa milimita 6 kila upande. Fundi, kwa kutaka usalama, anachomelea milimita 8. Tofauti yaonekana ndogo, lakini eneo la mshono limepanda kutoka milimita za mraba 18 hadi 32, yaani karibu asilimia 78. Fito za kuchomelea, umeme na saa za kazi hupanda nalo. Mteja haongezi hata senti. Joto la ziada nalo hupinda bamba, na kulinyoosha ni gharama nyingine.

Wala unene hauondoi kasoro. Mshono uliochomelewa juu ya kutu, rangi au mafuta, au kwa fito zenye unyevu, huweza kutoka na matundu.

Dawa si ghali: geji ya kupimia mshono, brashi ya waya na mahali pakavu pa kuhifadhia fito. Kabla ya kutoa mtaji, tembelea karakana, pima mishono kumi, ulinganishe na mchoro.