Mbwa wa Shimo Katika Mtaa wa Mashimoni
Kijitabu kwa wanaofuga mbwa wadogo, Kibera na Kawangware

Unamjua huyu mbwa. Mweupe mwenye mabaka ya kahawia, hafiki goti, masikio yamekunjika, na hatulii hata akilala. Mtaani anaitwa Jack Russell, hata kama mama yake ni koko wa Kawangware. Tumwite hivyo basi. Tabia ni ileile.

Jina hilo ni la kasisi Mwingereza, John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795 na kupenda sana kuwinda mbweha. Alifuga mbwa wadogo wa kumfuata mbweha mpaka ndani ya shimo lake na kumbwekea hadi atoke. Ndiyo jamii ya teria, na jina hilo nalo chimbuko lake ni neno la Kilatini la ardhi. Kwa hiyo mbwa wako akichimbua chini ya mabati ya jirani, usimpige. Anafanya kazi ya babu zake.

Tatizo ni kwamba nyumba zetu ni kumi kwa kumi, na mlango wako unatazamana na wa mwenzako. Ukimfunga kamba fupi kutwa nzima, atabweka mpaka ploti nzima ikuchukie. Mtoe alfajiri kabla njia hazijajaa watu, angalau nusu saa, na jioni tena. Karibu na reli usimwachilie: akiona panya hasikii jina lake wala honi ya treni.

Ukienda kazini, mwachie kazi naye. Chukua chupa tupu ya soda, itoboe matundu mawili makubwa kidogo kuliko punje ya hindi, tia ndani vipande vya ugali uliokauka. Ataivingirisha na kuigonga ukutani mpaka kipande cha mwisho kitoke. Akianza kuitafuna plastiki yenyewe, mnyang'anye.

Panya atawaua, na wengi watakushukuru. Lakini wachuuzi wa dawa ya panya hupita kila siku na vipaza sauti. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili huchelewa siku kadhaa: fizi zinapauka, anatokwa damu puani, anakosa nguvu. Usingoje uzione. Ukishuku tu kwamba amekula panya mwenye sumu, mkimbize kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti ya dawa yenyewe.

Chakula si shida: ugali na omena, au matumbo yaliyochemka vizuri. Mgongo wazi una miiba, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali. Mabaki yenye vitunguu yanamdhuru. Maji safi yawepo siku zote, hata siku mtungi umepanda bei.

Kumbuka pia majirani ambao dini yao inawataka wajitakase wakiguswa na mate ya mbwa. Mzuie asiwarukie, na kinyesi chake usikiache mferejini.

Sasa kichaa cha mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kutokana na ugonjwa huu ifikapo 2030. Karibu maambukizi yote ya binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra mno apone. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Udogo wake haumkingi. Huyu ni mgomvi na huwavamia mbwa wakubwa bila kufikiri.

Mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano. Kama hakuna mfereji, mtu mmoja amimine kwa jagi na mwingine aoshe. Dakika hizo ni ndefu kuliko unavyodhani, tazama saa. Usipake pilipili wala mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, na umalize sindano zote utakazopangiwa, hata kidonda kikipona.

Watoto ndio huumwa zaidi, mara nyingi kwa kumsumbua mbwa anayekula. Wafundishe.

Siku ya chanjo ikitangazwa mtaani, mlete mbwa wako akiwa na kamba, na aletwe na mtu mzima. Usimtume mtoto.