Homa Imekwisha, Maumivu Yamebaki

Wasomaji wetu wengi wamepata kuiona hali hii nyumbani mwao. Mtu alishikwa ghafula na homa kali, akalala siku nne au tano, kisha homa ikamwacha. Jamaa wakashukuru. Lakini mwezi ukapita, na wa pili, naye bado hawezi kukamua nguo wala kushika mpini wa jembe. Kila asubuhi vidole vimekakamaa, na kushuka kitandani ni shida. Hapo ndipo maneno yaanzapo. Huyu asema ni mvivu, yule asema amelogwa, na wa tatu amnunulia dawa za malaria kwa mara nyingine. Jambo hili lina sababu yake, nayo yajulikana.

Ugonjwa tunaousema ni chikungunya, na jina lake limetoka kwetu. Katika miaka 1952 na 1953 homa ya namna hii ilienea katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika ya siku zile. Wamakonde waliiita kwa neno la lugha yao lenye maana ya kukunjika, kwa kuwa wagonjwa walitembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Wataalamu Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955, na neno hilo likaingia katika vitabu vya tiba vya ulimwengu mzima. Tafadhali msomaji, angalia: wenyeji hawakuuita ugonjwa huu kwa jina la homa, bali kwa jina la viungo kukunjika. Walikwisha kutambua uzito wake uko wapi.

Mwaka 2004 ulizuka Lamu na Mombasa, mwaka 2005 ukafika Komoro, kisha ukaingia kisiwa cha Réunion, ambako katika miaka 2005 na 2006 waliugua watu zaidi ya 200,000. Huko madaktari walipata nafasi ya kuwafuata wagonjwa wao mwaka hata mwaka, wakaona kwamba walioendelea kuumwa viungo hawakuwa wachache.

Virusi vya chikungunya huletwa na mbu mweusi mwenye madoa meupe, aumaye mchana. Baada ya siku chache damu husafika, na homa huondoka. Lakini kinga ya mwili, iliyoamshwa kupigana na adui, haitulii upesi. Huendelea kuleta uvimbe na maumivu katika viwiko vya mikono, vidole, magoti na vifundo vya miguu. Wengi hupona kwa majuma machache. Wengine huumwa miezi, na baadhi yao hata miaka, hasa watu wazima waliokwisha kupita makamo na wale waliokuwa na ugonjwa wa viungo tangu zamani. Mgonjwa wa namna hii haambukizi mtu kwa kumshika mkono wala kwa kula naye.

Basi afanyiwe nini? Homa inapoanza, apimwe malaria, asikisiwe. Kama si malaria, vidonge vya malaria havitamfaa kitu, wala antibiotiki haziui virusi. Kwa maumivu ya siku za kwanza, parasetamoli ndiyo ifaayo, na mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zingoje mpaka daktari ahakikishe kwamba si dengi, maana dengi yafanana sana na chikungunya mwanzoni, na dawa hizo zaweza kuzidisha kutoka damu.

Siku hizo zikiisha na viungo vikabaki kuuma, daktari aweza kuziruhusu dawa hizo za uvimbe kwa kipimo na kwa muda, huku akiangalia tumbo na figo. Tunalosikitikia sana ni desturi ya kununua prednizoloni dukani bila cheti. Mgonjwa humeza vidonge viwili, akaamka ameruka kama kijana, akaisifu kwa majirani. Lakini dawa hiyo ikitumiwa ovyo hupandisha sukari ya damu, hudhoofisha mifupa, na kuiacha ghafula baada ya kuizoea ni hatari. Ina kazi yake, lakini kazi hiyo aipange daktari.

Viungo visifungwe kitandani. Asubuhi mgonjwa afumbe na kufumbua vidole polepole mara kadha wa kadha, anyoshe magoti akiwa ameketi, kisha atembee mwendo mfupi. Likizidi maumivu, apumzike. Likipungua, aanze tena. Ikipita miezi mitatu na uvimbe haujaondoka, apelekwe hospitali kubwa, kwa kuwa wako wanaohitaji dawa za kutuliza kinga yenyewe, kama methotreksati, chini ya uangalizi. Macho yakiuma au yakiona ukungu, miguu ikilegea, au homa ikirudi, asingoje hata juma moja.

Liko na fungu la jamaa. Mgonjwa huyu huonekana mzima: anakula, hana joto, anazungumza. Kwa hiyo haaminiwi. Tumemwona mzee kanisani aliyebaki ameketi wakati wengine wote wamepiga magoti, na jirani zake wakimtazama kwa jicho la lawama. Hawakujua kwamba akipiga magoti hataweza kuinuka bila kuvutwa. Mama mwenye mikono iliyovimba aondolewe ndoo na mchi kwa muda, watoto wakubwa na baba mwenyewe wavichukue, naye apewe kazi za kuketi. Na mtungi wa maji ufunikwe vizuri, usuguliwe ndani kila juma, kwa maana mbu yule hutaga mayai yake palepale penye maji ya nyumbani, kama alivyofanya Newala, ambako maji yalikuwa haba na kila nyumba ilikuwa na akiba yake.