SOMO LA WIKI: "Vijisenti" na asili ya fedha

Aprili 2008 Andrew Chenge, Mbunge wa Bariadi Magharibi, wakati huo mkoani Shinyanga, alijiuzulu uwaziri wa Miundombinu. Wachunguzi wa Uingereza waliofuatilia ununuzi wa rada ya kampuni ya BAE walikuwa wamekuta zaidi ya dola milioni moja katika akaunti yake kisiwani Jersey. Alikana kosa, wala hakutiwa hatiani. Lakini alipoziita fedha hizo "vijisenti", neno hilo lilienea nchi nzima kama dhihaka. Hata hivyo, mwaka 2010 wapigakura walimrudisha bungeni.

Mpigakura anaweza kusamehe. Sheria huuliza asili ya fedha. Fedha chafu huingizwa katika biashara, huzungushwa kupoteza nyayo, kisha huibuka kama mali halali. Dhahabu huifaa kazi hiyo kwa kuwa thamani kubwa hubebeka mfukoni. Nyumba na viwanja kwa kuwa bei ni mapatano ya watu wawili. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu inawagusa pia madalali wa nyumba na wafanyabiashara wa madini.

Anayelipa taslimu kupita bei ya soko huwapandishia wengine bei ya viwanja. Kwa hiyo, muuza kiwanja apokee malipo kupitia benki na kuandika bei halisi kwenye mkataba. Muuza dhahabu atunze stakabadhi za soko la madini, kama lile lililofunguliwa Geita Machi 2019. Akiulizwa fedha ilikotoka, atoe karatasi.