SOMO: Mkimbizi wa ndani anapigia kura wapi?



Tarehe 20 Desemba 2023 raia wa Kongo walipiga kura, lakini watu wa Masisi, Rutshuru na Kwamouth hawakuweza kwa sababu ya vita. Katika uchaguzi uliotangulia, watu wa Beni na Butembo walingojea hadi Machi 2019 ili kuchagua wabunge wao, kwa ajili ya Ebola na ukosefu wa usalama. Tunajua maana yake. Kwa sheria yetu, wabunge wa jimbo ndio wanaochagua gavana na maseneta. Anayekosa kumchagua mbunge wa jimbo amekosa sauti katika mambo mengi kwa mara moja.

Tunapozungumza na kamati za kambi, swali moja linarudi: mtu aliyekimbia kijiji chake apigie kura wapi? Kijijini asikoweza kufika, au hapa anapolala? Katika somo hili tutaangalia namna swali hilo lilivyosumbua nchi nyingine, India, kwa zaidi ya miaka ishirini.

Katika India kila jimbo lina bunge lake. Majimbo machache yana mabaraza mawili, na baraza la chini ndilo linalochaguliwa na wananchi moja kwa moja. Jimbo la Mizoram, kule kaskazini-mashariki milimani, lina baraza hilo moja tu, lenye viti 40. Wengi wa wakaaji ni Wamizo. Kabila la Wabru ni wachache. Kabla hata ya vita, mwaka 1995, vyama vya Wamizo vilidai Wabru watolewe katika orodha ya wapiga kura, wakisema si wenyeji. Tuliangalie jambo hili vizuri, maana ugomvi ulianza kwenye daftari la uchaguzi kabla ya kufika kwenye nyumba. Mwaka 1997 fujo za makabila zikalipuka, na Wabru zaidi ya 30,000 wakakimbilia jimbo jirani la Tripura. Walikaa huko katika makambi.

Majina yao yalibaki katika orodha ya Mizoram. Kwa hiyo, kila uchaguzi ulipokaribia, ugomvi uliamka upya. Mwaka 2013 walipiga kura ndani ya makambi kwa karatasi za posta. Mwaka 2014, uchaguzi wa bunge la taifa ulipofika, vyama vya Wamizo viliitisha mgomo wa jimbo lote kupinga njia hiyo, hata siku ya kura katika Mizoram ikasogezwa kutoka tarehe 9 hadi 11 Aprili. Wamizo walisema: mtu anayetaka kuchagua mbunge wetu arudi aishi nasi. Wabru walijibu: tutarudije bila usalama na bila ardhi? Sisi tunaona kila upande ulikuwa na neno la kusikilizwa. Lakini mwenye kulipia ubishi huo alikuwa yule aliyelala chini ya turubai.

Ugomvi mkubwa ulikuja Novemba 2018, katika uchaguzi wa bunge la jimbo. Mkuu wa uchaguzi wa Mizoram, S. B. Shashank, alitaka Wabru wapigie kura palepale kambini. Alilalamika pia kwamba katibu wa mambo ya ndani wa jimbo aliingilia kazi yake, na huyo katibu akaondolewa. Hapo watu wakajaa barabarani katika mji mkuu, Aizawl, wakidai Shashank mwenyewe aondoke. Siku chache kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi ya taifa ilimbadilisha. Kisha ikapatikana njia ya katikati: vituo maalum vikawekwa Kanhmun, kijiji cha Mizoram kilicho mpakani kabisa na Tripura. Tarehe 28 Novemba wakimbizi walisafiri kwa barabara za milima, wakapiga kura, wakarudi kambini. Wengine wengi hawakufika.

Je, ilikuwa haki? Si haki kamili. Mzee mgonjwa au mama mwenye mtoto mchanga hakupaswa kufanya safari ile. Hata hivyo majina yao yalibaki katika orodha, na siku ile ilipita bila damu. Tungependa njia hiyo ingetafutwa miezi sita mapema, pande zote zikikaa pamoja, kuliko kuitafuta wakati watu wako barabarani wakipiga kelele.

Kura haikumaliza ukimbizi. Wachache tu walirudi, na mwaka 2019 mgao wa chakula kambini ulisimamishwa kusudi watu waondoke. Mwisho, tarehe 16 Januari 2020, serikali ya India, majimbo yote mawili na wawakilishi wa Wabru walitia sahihi mkataba mjini New Delhi. Watu karibu 34,000 waliruhusiwa kubaki Tripura daima, kila familia ipewe kiwanja, pesa ya kujenga nyumba na chakula kwa miaka miwili, tena waandikwe katika orodha ya wapiga kura ya Tripura. Februari 2023 wengi wao walichagua bunge la Tripura kwa mara ya kwanza.

Lakini kuna watu waliosahauliwa, nao ni wenyeji wa Tripura waliowapokea. Novemba 2020 waliandamana kupinga wingi wa familia zitakazowekwa kwao. Huko Panisagar polisi walipiga risasi, na mtu akafa. Mara nyingi katika mapatano mwenyeji huitwa mwisho, au haitwi kabisa. Viongozi wa kambi na machifu wa mitaa inayotupokea, tunaomba sehemu hii muisome pamoja.

Maswali ya kujadili katika kikundi: Katika kambi yetu, nani bado ana kadi yake ya mpiga kura, na nani aliipoteza njiani? Kama uchaguzi ungefanyika mwaka ujao, tungependa kuchagua mbunge wa kijiji tulikotoka au wa hapa tulipo, na kwa sababu gani? Majirani waliotupokea wangesema nini juu ya jibu letu, na ni nani kati yetu atakayekwenda kuwauliza?