Bosi Anataka Niweke Dawa

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26, nafanya kazi mapokezi katika kampuni moja hapa Dar es Salaam, na huu ni mwezi wangu wa nne wa majaribio. Niliacha dawa miaka mitatu iliyopita baada ya nywele za pembeni kukatika. Sasa nina afro fupi, naichana na kuipaka mafuta kila asubuhi. Wiki iliyopita meneja wangu, mama wa makamo, aliniita akasema nywele zangu "hazijatulia", niweke dawa au nivae wigi kabla mwezi haujaisha. Wenzangu wenye wigi za kufika mgongoni hawaambiwi neno. Mama yangu anasema niweke dawa mpaka nithibitishwe, nywele zitaota tena. Nifanyeje?

Mwenye Nywele, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu,

Nianze na mama yako, maana ushauri wake una mapenzi lakini hesabu yake haikai sawa. Dawa si blauzi ya kuvua siku ya kuthibitishwa. Unywele ukishaingia dawa haurudi ulivyokuwa. Unangoja uote mwingine, kisha ule wa zamani unaukata. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi. Kwa ajili ya miezi miwili iliyobaki utapoteza kichwa ulichokilea miaka mitatu. Usiweke dawa.

Kusuka ni jambo jingine. Twende kilioni iliyonyooka, au nywele zilizobanwa nyuma vizuri, unafumua siku yoyote unayotaka na nywele zako unazikuta palepale. Nakushauri usuke miezi hii miwili, na sababu yangu ni ya kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi asiachishwe bila sababu halali, lakini kinga hiyo haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Wewe una minne. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi wa rangi, kabila, jinsia na mengine kadhaa, ila neno "nywele" halimo.

Usidhani ukosefu wa neno hilo ni jambo dogo. Mwaka 2010 huko Mobile, Alabama, Mmarekani Mweusi aitwaye Chastity Jones alipewa kazi kisha akanyang'anywa kwa sababu alikataa kukata dredi zake. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilimnyima haki, kwa hoja kwamba mtindo wa nywele unaweza kubadilishwa, rangi ya ngozi haiwezi. Ndiyo hoja ya mama yako, ikiwa imevaa joho. Tarehe 3 Julai 2019 California ikatia saini sheria inayotamka kwamba kumbagua mtu kwa aina ya nywele zake za asili, au kwa misuko na dredi, ni kumbagua kwa asili yake. Majimbo mengine mengi yamefuata. Sisi, ambao karibu wote tuna kipilipili, bado tunaambiana ofisini kwamba hazijatulia! Kipilipili hakilali. Kimejikunja tangu kwenye shina. Kukiamuru kitulie ni kukiamuru kiwe nywele za mtu mwingine.

Hata hivyo, usimchukie meneja wako. Huenda alilelewa kama wengi wetu: shuleni tulinyolewa mpaka kidato cha nne, na siku tuliporuhusiwa kufuga tulipelekwa moja kwa moja saluni kuwekwa dawa. Wapo wanawake wa umri wangu ambao hawajawahi kuzijua nywele zao wenyewe. Mimi kabla ya usaili wangu wa kwanza niliiacha dawa ikae kichwani zaidi ya muda wake ili zinyooke sawasawa. Nilikwenda mbele ya wale mabwana nikiwa na vidonda utosini, ninatabasamu. Kazi nilipata. Kovu moja ninalo hadi leo, halioti unywele.

Mwendee meneja wako mezani kwake asubuhi, kabla wateja hawajaingia, umwambie hivi: "Shikamoo mama. Maneno yako nimeyapokea. Naomba unionyeshe mwongozo wa kampuni unaohusu nywele, nijue mipaka yake." Kisha nyamaza, umsikilize. Mwongozo ukisema nywele ziwe safi na zimechanwa, wewe tayari umeutimiza, na baada ya kuthibitishwa unaweza kufumua. Ukisema dawa au wigi, omba nakala, andika tarehe na maneno uliyoambiwa, upeleke kwa ofisa utumishi. Wakikufukuza kwa hilo, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ueleze kwamba ni ubaguzi. Usilaze jambo hilo, maana malalamiko yana ukomo wa siku. Sikuahidi ushindi, lakini maandishi yako yatakuwa na uzito kuliko machozi.

Wigi ukiipenda, ivae. Usiivae kwa amri.

Nanyi mameneja mnaosoma safu hii, fungueni miongozo yenu ya mavazi leo. Kama imeandikwa "nadhifu", andikeni pia kwamba afro iliyochanwa, misuko na dredi zilizotunzwa ni nadhifu, ili msichana wa mapokezi asiitwe pembeni tena.