Antifrizi Ifike Kila Bomba

Kaskazini mwa Marekani, huko Minnesota, baridi ya Januari hushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Gari-nyumba lililoegeshwa huko tangu Oktoba halina moto ndani, na mabomba yake hayana wa kuyaokoa isipokuwa mwenye gari. Fundi anajibu.

Nikishamwaga maji ya tangi, kinachobaki si kidogo tu?

Hicho kidogo ndicho kinachopasua. Maji yakiganda, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 9. Ndani ya bomba tupu yana nafasi ya kutanuka. Ndani ya kichwa cha pampu au valvu ya choo hayana. Ufa utauona Aprili, sakafu ikiwa imeshalowa.

Nitie antifrizi (dawa ya kuzuia maji kuganda), ile ya rejeta?

Kamwe! Ya rejeta aghalabu ina ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu inayoua watu na mbwa. Nunua ya propilini glikoli iliyotengenezwa kwa mabomba ya maji ya kunywa. Huwa ya waridi, lakini soma lebo, maana zipo za rejeta zenye rangi hiyohiyo. Za alkoholi sizipendi: hushika moto na kukausha mipira ya viungo. Wala usiizimue kwa maji.

Nianzie wapi?

Kwenye hita. Izime, maji yapoe, fungua bomba la maji moto presha itoke, ndipo ufungue kizibo. Maji yakiisha, geuza valvu ili dawa ipite pembeni ya hita. Ukisahau hapo, tangi lake la galoni 6 au 10 litameza dawa yote, ilhali galoni 2 au 3 kwa kawaida zinatosha gari zima.

Toa chujio la maji. Unganisha mpira wa kunyonyea kwenye mdomo wa kuingizia wa pampu, chovya ncha yake kwenye galoni ya dawa, washa pampu. Fungua bomba moja moja, la moto kisha la baridi, hadi waridi iliyokolea itoke. Choo nacho. Bafu la nje nalo, na hilo ndilo husahaulika kuliko yote. Nimelikuta limepasuka kwenye magari ambayo wenyewe waliapa kuwa wamemaliza kazi. Mwisho mimina kikombe kimoja katika kila tundu la sinki na la bafu, ili maji yaliyotuama kwenye kona ya bomba la chini yasigande.

Na kuitoa?

Pitisha maji safi hadi povu na rangi viishe, kisha tia robo kikombe cha dawa ya klorini isiyo na manukato kwa kila galoni 15 za tangi, uiache saa kadhaa kabla ya kusuuza. Hita irudishiwe kizibo, valvu zake na maji kabla hujaiwasha: ya umeme ikiwashwa tupu, kipashio chake huungua.