Sabuni kwenye Tangi la Bodaboda

Wanachuo wenzangu mnaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, naomba niwasimulie somo ambalo sikulipanga kwenye andalio langu.

Shule niliyopangiwa ilikuwa mbali na lami, kwa hiyo nilienda kwa bodaboda. Asubuhi moja, katikati ya safari, nikahisi goti linapoa. Kuangalia, suruali imelowa petroli. Dereva akasimama, akainama, akaona tangi limepata ufa mdogo kwa chini, pale mabati mawili yanapoungana.

Nikamwambia, "Kaka, hapa si mpaka fundi?" Akacheka. "Ticha, fundi yuko huko tulikotoka. Nipe dakika 5 tu."

Akazima injini na kuisukuma pikipiki mbali na mama aliyekuwa anachoma mahindi kando ya njia. Akaiinamisha ili mafuta yakae upande usio na ufa. Akapafuta kwa kitambaa kikavu, akatoa kipande cha sabuni ya mche, akakisugua kwa nguvu kwenye ufa hadi ukajaa. Mafuta yakakata. Tukafika shuleni na suruali yangu ikinuka sheli.

Siku hiyo nilikuwa na kipindi cha Kemia. Kemia tunaifundisha kwa Kiingereza, na kwa wiki 3 darasa langu lilikuwa kimya kama msibani. Nikaona niwasimulie kisa cha tangi, kwa Kiswahili. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, akanyoosha mkono: "Mwalimu, sabuni si ndiyo inatoa mafuta kwenye sahani? Sasa mbona petroli haikuitoa sabuni?"

Jamani, nilikwama. Nikataka kutunga jibu, nikajizuia. Nikasema, "Swali zuri, nitakujibu kesho." Usiku ule nilikesha na vitabu.

Jibu lenyewe ni hili. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani molekuli za kaboni na haidrojeni zisizo na chaji. Sabuni ni chumvi ya asidi za mafuta: molekuli yake ina mkia mrefu unaopenda mafuta, na kichwa chenye chaji kinachopenda maji. Kwenye sahani yapo maji. Mikia inashika mafuta, vichwa vinashika maji, na uchafu unaondoka. Kwenye tangi hakuna maji. Vichwa vyenye chaji vinashikana na sodiamu kwa nguvu ambayo petroli haiwezi kuitenganisha. Sabuni inabaki ngumu, ufa unabaki umezibwa.

Nilipowaeleza hayo kesho yake, yule yule kijana akauliza tena: "Kwa hiyo mvua ikinyesha?" Hapo ndipo nilipojua ameelewa. Mvua ikinyesha, kiraka kinaondoka. Na si mvua tu. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo maji yakiingia kwenye tangi hutulia chini kabisa, pale pale penye ufa, yakaila sabuni kwa ndani. Ukijua kwa nini kiraka kinashika, unajua pia lini kitaachia.

Basi ukikutwa na hali hii, zingatia mambo haya. Kwanza zima injini, kaa mbali na moto wowote, sigara ikiwemo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kufika kwenye jiko ambalo wewe hulioni. Pili, tumia sabuni kavu, usiiloweshe. Tatu, kiraka hicho ni cha kukufikisha kwa fundi, si cha kuishi nacho.

Gundi ya chuma, ile ya kuchanganya sehemu mbili, hudumu zaidi, lakini lazima petroli itolewe hadi chini ya ufa, rangi na kutu viondolewe kwa msasa, pakauke kabisa, kisha gundi iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Ukipaka juu ya bati lenye mafuta, itabanduka.

Suala la kuchomelea ndilo lililonitisha. Nilipouliza darasani nani amewahi kuona tangi likichomelewa, mikono mingi ilinyooka. Mmoja akasema, "Tangi likishakuwa tupu halina shida, mwalimu." Kumbe ni kinyume chake. Petroli ya maji maji haiwaki bila kuwa mvuke na kuchanganyika na hewa, na tangi lililomwagwa limejaa mchanganyiko huo. Mvuke wa takriban asilimia 1.4 tu ndani ya hewa unatosha kulipuka ukipata cheche. Fundi anayejua kazi huliondoa tangi kwenye pikipiki na kuliosha hadi mvuke wote utoke kabla ya kugusa mashine yake. Asiyefanya hivyo, chukua tangi lako uondoke.

Tusisahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilianguka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Wale wanafunzi wangu wengine wanashinda vijiweni na kwenye gereji kila Jumamosi. Kwao mada ya mwako si ya mtihani tu.

Baada ya wiki ile darasa halikuwa kimya tena. Walikuwa wananisubiri na maswali: kwa nini supa glu inaunguza vidole, kwa nini taa ya chemli hailipuki. Mengine nilijibu, mengine nikaomba kesho. Ila niliwaahidi, na nawaambia na ninyi: ukisema kesho, kesho hiyo uje na jibu. Nayo ni kama sabuni kwenye tangi, haikai muda mrefu.